Jukwaa lirudi Goma

Anayeijua Goma kwa kusoma magazeti anaijua kwa umati wake. Julai 1994, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua kwa makumi ya maelfu juu ya mawe ya volkeno ambayo jembe halipenyi. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, uji wa moto ukaukata mji katikati na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Mamia ya maelfu wakakimbia. Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na siku chache baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ihame, watu wakaijaza barabara ya Sake na mpaka wa Gisenyi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji, wakakaa siku zisizotimia kumi na tano, wakatoka. Mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia tena. Picha zinazosambaa duniani ni zilezile kila mara: magodoro vichwani, madumu ya njano, watoto migongoni, vumbi jeusi la barabarani.

Kuna umati mwingine wa Goma ambao haujapigwa picha za kutosha. Huu ulikwenda mahali kwa hiari yake, ukalipa kiingilio, ukasimama juani tangu mchana na kucheza mpaka miguu ikakataa. Nimeuona nikiwa mgeni mjini humo, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba umati ule una haki ya kuwapo sawa na umati wowote wa Dar es Salaam, Nairobi au Paris. Leo umenyang'anywa jukwaa lake, na sisi majirani tumelinyamazia jambo hilo kana kwamba ni dogo.

Nilihamia Goma mwaka 2013 kufanya kazi ya ukalimani. Ulikuwa mwaka mgumu. Machi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 lililounda brigedi ya kuingilia kati, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Agosti, mabomu yaliangukia mitaa ya mji, na tarehe 28 ya mwezi huo Meja Khatib Mshindo wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliuawa kwenye mapigano nje kidogo ya Goma. Tangu hapo, kuwa Mtanzania katika soko la Birere kulikuwa na uzito wake. Mama muuza sambaza akisikia Kiswahili changu cha Tanga huniuliza natoka wapi, nami nikishamjibu huongeza kiganja kizima cha samaki juu ya fungu nililolipia, kisha hunipa pole kama mtu wa familia iliyofiwa.

Katika mwezi uleule wa Agosti ndipo mji ulipokuwa umejiandaa kwa tamasha kubwa la muziki. Haikuwezekana, huwezi kupanga spika mahali mabomu yanapoanguka. M23 walishindwa Novemba, na tarehe 14 Februari 2014 milango ya shule ya Collège Mwanga ikafunguliwa kwa siku tatu za Tamasha la Amani. Wazo lilikuwa la Mbelgiji, Éric de Lamotte, lakini waliolisimamisha jukwaa, waliokagua mikoba mlangoni, waliozoa takataka kila jioni ni vijana wa Goma, mamia yao, wote wa kujitolea. Na Guillaume Bisimwa, aliyeliongoza tamasha hilo kwa miaka, ni wa mji huohuo.

Kiingilio kilikuwa dola moja kwa siku. Naomba msomaji asiipite haraka dola hiyo. Tamasha lingeweza kuwa la bure, maana wafadhili walikuwapo. Lakini kitu cha bure Goma kimezoeleka kuja na foleni, kadi, na mtu mwenye kizibao akihesabu vichwa. Lingeweza pia kuwa la dola ishirini, likawa la wafanyakazi wa mashirika na watoto wa wenye nyumba za ufukweni Himbi. Dola moja aliweza kuipata msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaingia akiwa amelipa, na mtu aliyelipa ana haki ya kulalamika sauti ikiwa mbovu. Niliwasikia wakilalamika. Fundi mitambo aliposhindwa kuondoa mlio kwenye maikrofoni, safu nzima ya vijana ilimfundisha kazi yake kwa makelele, na mimi nikafurahi kuliko nilivyoufurahia wimbo wenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuwaona vijana hao wakishukuru tu.

Hapo panahitaji maelezo kidogo kuhusu maisha ya mgeni Goma. Wengi wetu tuliishi nyuma ya kuta zenye seng'enge juu. Gari lilitufuata asubuhi na kuturudisha jioni, na afisa usalama alituma ujumbe kila usiku kutuambia mtaa gani usipitwe. Tulikutana na wenyeji wakiwa wagonjwa, wakimbizi au mashahidi wa mauaji. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri maneno ya watu wakisimulia mambo mabaya kuliko yote yaliyowapata maishani, mara nyingi mtu mmoja asubuhi na mwingine mchana. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda unaanza kuamini kwamba umewajua watu. Kumbe umejua jeraha lao tu. Pale Mwanga, nikiwa nimebanwa kati ya wanafunzi wa chuo na akina mama waliovaa vitenge vya sare, hakuna aliyenihitaji nitafsiri chochote. Msichana mmoja alinishika mkono akanionyesha hatua za dansi nilizokuwa nikizikosea, akaona sielewi, akaniacha akaenda kucheza na mwenye kuelewa. Alikuwa sahihi.

Vikundi vya ngoma vya eneo la Maziwa Makuu vilipanda jukwaani kabla ya mastaa. Kati ya msanii mmoja na mwingine DJ alipiga nyimbo za Diamond Platnumz, na uwanja wote uliziimba neno kwa neno. Bongo Fleva ilifika Goma zamani, kwa simu na kwa redio za kinyozi, bila visa na bila mkataba wa serikali. Katika miaka iliyofuata, siku tatu za tamasha zilikusanya zaidi ya watu 30,000. Watu walitoka Bukavu kwa boti za usiku. Wafanyabiashara wadogo walipanga meza za jibini la Masisi, kahawa na mishikaki. Mji ulipata wiki moja kwa mwaka ambayo hoteli zake zilijaa kwa sababu nyingine mbali na vita.

Septemba ya mwaka huohuo wa 2014 kikaja kitu kikubwa zaidi. Tarehe 21, Siku ya Kimataifa ya Amani, shirika la Peace One Day la Mwingereza Jeremy Gilley lilimleta mwanamuziki Akon, na onyesho likawekwa kwenye uwanja wa ndege. Uwanja ule umezungukwa na mitaa ya watu pande zote, na upande wake wa kaskazini ndiko lava ya 2002 ilikopita. Siku hiyo barabara zote ziendazo huko zilijaa watembea kwa miguu tangu asubuhi. Pikipiki zilikwama, abiria wakashuka, waendeshaji wakaziegesha popote na kuungana na wengine. Waliokusanyika walikuwa makumi ya maelfu, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga uwanja wa ndege wa mji wao.

Akon aliingia ndani ya puto kubwa la plastiki lenye kuonyesha ndani, akaviringika juu ya mikono ya watu. Lilipofika kwetu nilinyoosha mikono kama kila mtu. Plastiki ilikuwa na joto la jua na ililia ikisuguana na viganja. Kando yangu kijana wa pikipiki, ambaye hakuwa na mkono wa ziada kwa sababu alikuwa amembeba mdogo wake shingoni, alilisukuma kwa kofia yake ngumu. Mtoto alipiga puto makofi mawili kwa bidii kubwa. Kisha mwanamuziki akapita, akaenda zake juu ya vichwa vingine, na watu wakatazamana wakicheka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake viganja vyake.

Siku chache baadaye picha hiyo ilizunguka dunia nzima, lakini na maneno mengine chini yake. Afrika Magharibi ilikuwa ikipambana na Ebola, na watu wa mbali wakaandika kwamba Akon alijifungia ndani ya plastiki ili asiambukizwe na Wakongomani. Puto lile alikuwa akilitumia kwenye maonyesho yake kabla ya hapo, katika nchi ambazo hakuna aliyezitaja pamoja na ugonjwa. Ebola yenyewe ilifika Goma Julai 2019, karibu miaka mitano baadaye. Hata hivyo utani ule ulienda mbali kuliko habari ya onyesho. Mikono niliyoiona ikimbeba mgeni wake kwa uangalifu, asianguke, iligeuzwa kuwa mikono ya kuogopwa. Jambo hilo liliniuma wakati ule na bado linaniuma, kwa sababu linaonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa watu wa Goma kufurahi hadharani bila mtu wa mbali kuwatafsiria furaha hiyo kuwa msiba.

Wapo wanaosema muziki mjini humo ulikuwa ubadhirifu. Nimewasikia wafanyakazi wenzangu wakisema, nimewasikia mapadri, nimewasikia na Wakongomani wanaoishi Ulaya, kwa ukali zaidi. Fedha za jukwaa zingenunua dawa. Vijana wanachezeshwa ili wasahau. Hoja hii naiheshimu. Mwezi Mei 2024 bomu liliangukia kambi ya waliohamishwa ya Mugunga na kuua watoto, na mtu aliyezika mtoto wiki hiyo asingependa kusikia spika. Lakini tuseme ukweli kuhusu vijana hao wanaodaiwa kusahaulishwa. Goma ndiyo iliyozaa LUCHA mwaka 2012, vuguvugu la vijana walioingia barabarani kudai maji ya bomba katika mji uliolala kando ya ziwa, wakapigwa, wakafungwa, wakatoka wakarudia. Kizazi kilichojaza Collège Mwanga Februari ndicho kilichobeba mabango miezi mingine. Mtu aliyecheza Jumapili hakusahau Jumatatu kwamba dumu la maji ni tupu. Ninavyoona mimi, alikumbuka vizuri zaidi, maana alikuwa ameona kwa macho yake jinsi wanavyokuwa wengi wakikaa pamoja.

Na wingi huo ndio wenye mamlaka wanaouogopa. Tarehe 30 Agosti 2023 waumini wa dhehebu moja la Goma walijikusanya ili kuandamana dhidi ya majeshi ya Umoja wa Mataifa, na wanajeshi wa serikali wakawafyatulia risasi. Zaidi ya watu hamsini walikufa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Kanali Mike Mikombe, aliyekuwa akiongoza kikosi hicho. Nalitaja hili kwa sababu watu huzungumzia usalama wa matamasha kana kwamba hatari inatoka kwa wanaocheza.

Hatari za matamasha zipo, nazo zinajulikana zinatoka wapi. Oktoba 2022 watu 11 walikufa kwenye msongamano katika Uwanja wa Martyrs, Kinshasa, kwenye onyesho la Fally Ipupa. Julai 2024 katika uwanja huohuo wakafa wengine 9, kwenye onyesho la mwimbaji wa injili Mike Kalambay. Uwanja ukipokea watu kupita uwezo wake, milango ya kutokea ikiwa michache, watu watakufa hata kama jukwaani ni kwaya. Dawa yake ni hesabu: tiketi zenye idadi, milango mingi, vijana waliofundishwa kusoma mwendo wa umati. Vijana wa Tamasha la Amani walijifunza kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, kwa kuifanya. Ni ujuzi adimu katika Kongo nzima, na sasa umekaa bila kazi.

Uwanja wa ndege alikoimba Akon ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini. Benki zikafunga milango. Februari, kambi kubwa za pembezoni mwa mji zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi vijijini, kwenye nyumba ambazo nyingi hazipo tena. Hapo ndipo jambo lililonisukuma kuandika lilipotokea: Goma ikawa sababu ya matamasha, yakifanyika kwingine.

Tangazo la kwamba Tems wa Nigeria angeimba Kigali lilipotoka mwishoni mwa Januari, watu walimlalamikia, naye akaifuta safari, akieleza kwamba hakujua kuhusu mgogoro. John Legend alikwenda. Aliimba katika ukumbi wa BK Arena tarehe 21 Februari 2025, mji wa Goma ukiwa haujatimiza mwezi mmoja mikononi mwa M23, na kutoka ukumbini hadi Goma ni safari ya saa chache kwa basi. Alijitetea kwamba wananchi wa Rwanda wasiadhibiwe kwa sababu ya kutokubaliana na serikali yao. Hoja hiyo naielewa kabisa. Nina marafiki Kigali, nao wana haki ya muziki. Ninachouliza ni nani anayesema hivyo kuhusu watu wa Goma, ambao nao hawakuchagua anayewatawala, na wamefungiwa ndege, benki na jukwaa kwa mpigo.

Paris nayo ilichangia. Tamasha la kuisaidia Kongo lilipangwa Accor Arena tarehe 7 Aprili 2025, siku ambayo Rwanda huanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Likasogezwa hadi tarehe 22, na ilikuwa sawa kulisogeza. Maumivu ya jirani hayafuti ya kwako, lakini hayakanyagwi pia. Walikuwapo Gims na Dadju, ndugu wenye asili ya Kongo waliokuwa mastaa Ufaransa. Fedha zilielekezwa kwa watoto wa mashariki. Nawashukuru kwa moyo. Ila niliitazama video ya ukumbi ule nikiwa na mwenzangu wa zamani wa Goma, aliyekimbilia Dar es Salaam na mke wake, naye alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama kuna msanii hata mmoja wa Goma aliyepanda. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta sura anayoijua.

Sura hizo zipo. Innoss'B amezaliwa Goma mwaka 1997, akashinda shindano la vipaji la Vodacom mwaka 2010 akiwa mtoto, na mwaka 2019 wimbo wake Yope aliorudia na Diamond Platnumz ulitazamwa mara zaidi ya milioni mia moja. Watanzania wameucheza harusini bila kujali ametoka mji gani. Ndiyo maana naona aibu kidogo, kama Mtanzania, ninapoona jinsi tunavyopokea muziki wa mji huo na kuukataa mji wenyewe.

Na hapa ninalo pendekezo mahususi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST. Limekwisha kufanyika Kigali, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Jumuiya hiyohiyo ilituma wanajeshi Goma Novemba 2022, wakaondoka Desemba 2023 bila mtu kuwalilia. Itume sasa wanamuziki. Najua jibu litakuwa kwamba hali hairuhusu, na leo ni kweli hairuhusu: hakuna ndege, na hakuna msanii anayepaswa kuimba chini ya bendera ya waliouteka mji. Lakini kwenye meza za mazungumzo, Doha, Washington na kwingineko, wanajadili mabenki, madini, wafungwa na uwanja wa ndege. Mawaziri wetu wa utamaduni wanaweza kuandika barua moja, kwamba pindi uwanja huo utakapofunguliwa tamasha la Jumuiya linalofuata liwe Goma, limilikiwe na vijana waliolisimamisha la kwao Collège Mwanga, kiingilio kiwe dola moja, na waanze kuchaguliwa sasa watakaosimamia milango.